Namba ya Watu Watatu

Kabla gari halijanunuliwa, mgonjwa wa kijiji cha Mzighe alishushwa mlimani kwa machela. Vijana wanne hubeba, wanne hufuata nyuma wakisubiri kupokezana, na mmoja hutangulia na jembe kwa ajili ya mahali palipoporomoka. Saa tano mpaka barabara ya lami, na hapo mvua haijanyesha. Mwaka wa zile mvua za Elinino, Careen, binti pekee wa Mwalimu Dorkas, alijifungua juu ya machela hiyo, katikati ya njia, chini ya turubai, na mtoto hakulia. Mwalimu Dorkas ndiye aliyeshika ncha moja ya turubai. Aliendelea kuishika muda mrefu baada ya watu kumwambia aiachie.

Basi asitokee mtu wa kumwambia Mwalimu Dorkas kwamba gari ni chuma tu.

Lilinunuliwa mwaka uliofuata. Serikali ilikuwa imekwisha kutuaga kwa adabu: hospitali tuchangie, shule tuchangie, na kahawa tujitafutie wanunuzi wenyewe. Wanunuzi wakaja na mizani zao, mizani ambazo hazikuwahi hata siku moja kukosea kwa faida ya mkulima. Pamoja na hayo watu wa Mzighe walichanga. Zikatoka tangawizi, yakatoka maharage, watoto walioko Dar na Tanga na Arusha wakaandikiwa barua zenye lugha ya kuwatia aibu, na Umoja wa Maendeleo Mzighe ukapata pikapu ya Land Cruiser iliyokwisha kutumika huko ilikotoka mpaka ikachokwa. Mlango wake ulifunguka kwa ufunguo wowote. Swichi ya kuwashia ilikuwa imelika hata ungeweza kuizungusha kwa mpini wa kijiko. Lakini injini ilikuwa nzima, na mlima iliupanda bila kulalamika.

Dereva alikuwa Sefu Hamisi. Sefu hakuwa mtu wa Mzighe, wala hakuwa Mpare. Baba yake aliletwa kutoka Kigoma kukata mkonge huko bondeni enzi za wakoloni, akafia shambani, na Sefu akarithi kazi na baadaye usukani wa lori la shamba. Shamba lilipobinafsishwa, mwenye shamba mpya aliwapunguza wafanyakazi, akaanza na wale wasio na wa kuwasemea. Sefu alipanga chumba mjini Same na mkewe Mwanaidi, akawa anabeba mizigo stendi, mpaka Umoja ulipotangaza kutafuta dereva asiyekunywa. Wapo vijana wa Mzighe walioomba kazi hiyo. Wote walikuwa na leseni, na wote walikuwa na kiu. Akachukuliwa Sefu.

Alikuwa mtu wa miaka arobaini na ushee, mpole, mwenye kofia ya kitambaa aliyoivua kila alipozungumza na mkubwa. Mwalimu Dorkas, ambaye ndiye aliyekuwa katibu wa Umoja, alimpenda tangu siku ya kwanza kwa sababu alishuka kwenye gari kabla ya kumwamkia. Vijana wa siku hizi hukuamkia kupitia dirishani, tena injini ikiwa inanguruma.

Sasa, gari lenye mlango wa kufunguka kwa ufunguo wowote lilihitaji bima, na kampuni ya bima ilikuwa miongoni mwa zile mpya zilizoota kama uyoga baada ya serikali kuruhusu. Wakasema hawalikatii bima mpaka lifungwe kidude cha kuzuia wizi. Fundi wa kufunga vidude hivyo alikuwa mmoja tu pale Same, Wilbard, aliyewahi kufanya kazi karakana ya shirika la umma kabla shirika halijafa. Alikifunga chini ya usukani: kisanduku cheusi chenye vitufe kumi, na ndani yake, alisema, kompyuta ndogo. Usipobonyeza namba ya tarakimu nne, injini haipati mafuta wala moto, hata uzungushe ufunguo mpaka jioni.

Wilbard akawaeleza Mwalimu Dorkas na mwenyekiti, Mzee Aminieli, akiwa amejifuta mikono kwa heshima kwanza.

"Hiki kitu hakijui sura," alisema. "Hakimjui Sefu, hakimjui mwizi, hakimjui askofu. Kinajua tarakimu nne basi. Ukiwa nazo, kwake yeye wewe ndiye mwenye gari. Kwa hiyo mzee, wajue wachache. Mkiijua wengi, bora mngenunua mnyororo."

Fomu ya bima nayo ilisema hivyohivyo kwa lugha ya kutisha: wenye kuijua namba wasizidi watatu, waandikwe majina, watie sahihi, ikithibitika namba imetolewa kwa mtu mwingine yeyote, kampuni haitalipa. Wakatia sahihi Aminieli, Dorkas na Sefu. Namba aliichagua Aminieli ili asiisahau: elfu moja mia tisa ishirini na saba, mwaka lilipojengwa kanisa la Mzighe. Mwaka huo umechongwa juu ya mlango wa kanisa, tarakimu zake kubwa kama kichwa cha mtoto, na tangu hapo haukuwahi kumdhuru mtu.

Mpaka hapo, mambo yalikuwa sawa. Lakini Mzighe ni Mzighe.

Ukitaka kuwaelewa watu wale, nenda kwanza kwenye ndiva, lile bwawa la maji ya mifereji walilojengewa na mababu zao. Maji hujaa humo, asubuhi yakafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Zamu hutangazwa mbele ya wote. Kizibo hakifunguliwi na mtu mmoja peke yake. Lazima awepo wa ukoo mwingine anayetazama. Hakuna nyumba Mzighe, hata ya mjane, isiyojua zamu ni ya nani na kizibo kinakaaje. Kitu cha wote kikijulikana na mmoja, huyo mmoja huitwa mwizi kabla hajaiba. Ndivyo walivyokaa miaka na miaka bila kuuana kwa ajili ya maji, na si jambo dogo.

Haukupita mwezi yakaanza maneno. Kwa nini namba ya gari letu wanayo watatu? Aminieli ana miaka sabini na mbili, akizimika ghafla? Mwalimu akiwa safarini? Tutabaki na nani, si na huyu mtu wa kuja? Hakuna aliyesema Sefu ni mwizi. Walisema tu "mtu wa kuja", na wakanyamaza kidogo baada ya kusema.

Aminieli alishindana nao wiki mbili, akachoka. Alikuwa mtu mwema, ila wema wake ulikuwa wa kupenda kila kikao kiishe watu wakicheka. Akamwambia Dorkas asome namba kanisani, kwenye matangazo, kama zamu za maji zinavyosomwa.

"Na fomu ya bima?" Dorkas aliuliza.

"Bima wako Moshi, Mwalimu. Sisi tuko Mzighe."

"Na Sefu tumwambie?"

Aminieli alifikiri. "Usimwambie. Atajisikia vibaya, ataona hatumwamini."

Ikawa Jumapili ya baada ya Krismasi. Kila aliyewahi kula chakula cha mlima ule alikuwa amerudi nyumbani, watoto wa Dar na wakwe wa Arusha na marafiki wa wakwe, kanisa limejaa hadi watu wamesimama madirishani. Sefu alikuwa Same na gari, maana Jumapili ndiyo siku aliyopeleka magurudumu kuzibwa. Na kwa kuwa ni Mwislamu, hata angekuwapo mlimani asingekuwa mle ndani. Mwalimu Dorkas alisoma michango, akasoma ndoa, akasoma ng'ombe aliyepotea, kisha akasema: "Na wale wanaouliza namba ya gari, mkitoka geukeni mtazame juu ya mlango." Watu walicheka sana. Mwenyewe alicheka pia. Alijiona ameisema kwa akili bila kuitaja, na furaha hiyo ndogo ya mwalimu aliyepata njia ya kueleza somo ndiyo iliyomkaa rohoni baadaye kama mwiba, kwa sababu angeweza kuisoma kwa unyonge, au kwa kusitasita, lakini aliisoma kwa raha.

Tangu siku hiyo ikawa Mzighe nzima inaijua namba isipokuwa watoto wa kunyonya, na mtu mmoja tu anaitunza. Sefu alipokaa kwenye usukani alivua kofia, akaufunika nayo mkono wake, akabonyeza polepole huku akiangalia pembeni. Watoto wa shule walijazana dirishani kumtazama, wakibana vicheko. Sefu alidhani wanaicheka kofia. Siku moja aliwaambia kwa upole kwamba kofia hiyo alishonewa na mkewe. Mwalimu Dorkas alikuwa amekaa kiti cha mbele siku hiyo. Aliona aibu, akasema moyoni kwamba wiki ijayo atamweleza, na wiki ijayo ikapita.

Gari liliibwa mwezi wa nne, Ijumaa, saa saba na nusu mchana, pale Same. Sefu alikuwa ameteremsha mama mmoja hospitali, akaenda kuswali, akaliacha gari kwenye kivuli cha ukuta wa msikiti. Alipotoka alikuta kivuli. Muuza ndizi wa jirani alisema aliona mtu wa kawaida tu, shati jeupe, ameingia, ameinama kidogo, amewasha, ameondoka bila haraka. Ndiyo maana hakupiga kelele. Mwizi gani anaondoka bila haraka? Wengine walisema gari lilionekana likielekea Mwanga, wengine wakasema limeshavuka mpaka kwa njia za panya. Lolote lilivyokuwa, halikuonekana tena.

Sefu alikwenda polisi mwenyewe, kwa miguu, akatoa taarifa. Hakutoka.

Hesabu ya polisi ilikuwa nyepesi. Hakuna waya uliokatwa, maana hata kipande cha waya hakikuokotwa pale. Mtu alibonyeza namba na kuondoka. Namba, kwa mujibu wa fomu yenye mhuri, inajulikana na watatu. Mwenyekiti alikuwa mlimani akipalilia. Katibu alikuwa darasani. Amebaki nani?

Aminieli aliitisha wazee, na hakuwaitia kanisani. Walikaa kwenye ukuta wa ndiva, watu saba na Dorkas. Aminieli alizungumza akitazama maji.

"Kampuni inasema kesi ikiisha na mwizi akapatikana, watatulipa gari jingine. Wameuliza kama namba ilitoka nje ya wale watatu. Nimewaambia haikutoka."

Wazee nao wakayatazama maji.

"Simwambii mtu aseme uongo," Aminieli aliendelea. "Nasema tu kwamba ninyi hamtaulizwa. Watakaoulizwa ni mimi na Mwalimu. Mimi nimekwisha kuulizwa."

Mzee mmoja akasema labda kweli ni Sefu, nani ajuaye. Wenzake wakaikamata hiyo kauli kwa mikono miwili. Labda kweli. Mbona alikwenda kuswali siku hiyohiyo? Kana kwamba Ijumaa ilikuja ghafla. Dorkas aliwasikiliza, akawachukia, akajichukia, kisha akamkumbuka Careen. Careen alikuwa na mimba ya miezi mitano. Angejifungua mwezi wa nane, na ile machela ilikuwa bado ipo, imetundikwa stoo ya zahanati, imeoshwa.

Kitabu cha mihtasari alikitunza yeye. Alipofika nyumbani alikifungua penye Desemba. Ameandika kwa mwandiko wake wa ubaoni, ulionyooka: "Namba ya gari imetangazwa kwa waumini wote." Hakuchana ukurasa. Alikiweka kitabu chini ya godoro, akalala juu yake, na alifahamu vizuri kwamba kulala juu yake na kuuchana ni jambo moja.

Wiki mbili kabla ya kesi alishuka Same kwa lori la tangawizi, akaenda kwa Wilbard. Alitaka kitu kimoja: ukweli utoke, lakini utoke katika kinywa cha mtu mwingine.

"Wilbard, mwanangu, hebu niambie. Mtu asiyeijua namba hawezi kuliwasha gari lile?"

Wilbard aliangalia mlango wa karakana, kisha akaweka bisibisi chini.

"Anaweza, mama."

"Vipi?"

"Ukikata waya wa betri kwa muda wa kuvuta sigara moja, halafu ukaurudisha, kile kisanduku kinasahau namba yenu. Kinarudi kwenye namba ya kiwandani. Na namba ya kiwandani ni moja, visanduku vyote. Nimekuja kulijua hilo mwaka jana, nilipokuwa natengeneza gari la mtu."

"Ulimwambia nani?"

"Niliwaandikia walioniletea mzigo. Wakajibu kwamba ni siri ya biashara, niendelee kufunga." Alicheka bila kufurahi. "Nimefunga vingi, Mwalimu, toka Hedaru mpaka Mwanga. Magari ya watu, lori za jasi za Makanya, mpaka gari la hospitali moja. Nikisimama mahakamani nikayasema haya, kesho yake wezi watakuwa wamejua wote, na mimi watu watanichoma moto. Wataniuliza, nitasema kisanduku kinafunguka kwa namba. Si uongo. Kinafunguka kwa namba."

"Na Sefu?"

"Na wewe, mama? Nasikia namba ya kwenu mliisoma kanisani. Shemeji yangu alikuwepo."

Wakatazamana pale, fundi na mwalimu, kila mmoja na ukweli wake mfukoni, kila mmoja akingoja mwenzake autoe kwanza. Kisha Wilbard aliuliza kama atakunywa chai. Dorkas akakubali, na wakanywa chai.

Alipotoka tu, akakutana na Mwanaidi, mke wa Sefu. Mwanaidi alikuwa amesikia kwamba Mwalimu yupo mjini, akamfuata. Alimwamkia akipiga goti kidogo, kiroba cha mchele kikiwa kichwani.

"Mwalimu, mimi sikuja kukusumbua. Wanasema utaitwa kusema. Naomba useme neno moja tu, kwamba mume wangu hana mdomo. Nimeishi naye miaka kumi na tisa na mimi mwenyewe ile namba siijui. Nilimuuliza siku moja kwa utani tu, alinuna hadi nikaogopa. Akaniambia Wapare wamempa kitu chao wasichowapa hata watoto wao."

"Nitasema," Dorkas alijibu.

"Mungu akulipe."

Mungu akulipe. Njia nzima ya kurudi mlimani, amekalia magunia, Dorkas alilitafuna neno hilo na halikuteremka.

Siku ya kesi watu wa Mzighe walishuka wengi. Walivaa nguo za kanisani. Walikaa benchi za nyuma, na Dorkas alipogeuka kuwatazama aliona nyuso zilezile alizoziona madirishani Jumapili ile, isipokuwa leo hazikucheka. Aminieli alishatoa ushahidi wake. Wilbard naye alisimama, akaapa, akasema kisanduku kinafunguka kwa namba. Mwendesha mashtaka akamuuliza kama kuna njia nyingine. Wilbard alisema katika kazi yake hajaona mtu akifanya hivyo. Akashuka, akatoka nje moja kwa moja, hakungoja.

Ikafika zamu ya Dorkas. Mwendesha mashtaka alimuuliza machache: jina, kazi, kama sahihi kwenye fomu ni yake, kama siku hiyo alikuwa darasani. Yote yalikuwa kweli. Alianza kupumua. Alidhani atapona kwa kuulizwa yale tu yaliyo kweli.

Hakimu alikuwa kijana mwenye miwani, na alionekana kutotulia na kesi ile. Akamgeukia Sefu. "Mshtakiwa, huna wakili. Una haki ya kumuuliza shahidi maswali. Unayo?"

"Ninayo mawili, mheshimiwa."

Sefu alisimama. Alikuwa amekonda, na kichwa kikiwa wazi alionekana mzee. Alimtazama Dorkas kwa namna ya mtu anayemwona ndugu yake kwenye umati.

"Mwalimu, toka mmenipa ile namba, umewahi kusikia kwamba nimempa mtu? Hata mtu mmoja?"

"Sijawahi," alisema Dorkas. "Hujampa mtu."

"Ahsante. La pili. Naomba uieleze mahakama, ile namba tulikuwa tunaijua watu wangapi?"

Hakimu aliinua kalamu. "Mshtakiwa, ngoja. Unaelewa swali unalomuuliza? Jibu lake linaweza kukuumiza wewe mwenyewe. Hulazimiki kuliuliza."

"Naelewa, mheshimiwa. Watu wanasema mimi ni mtu wa kuja, nimeokotwa tu. Nataka Mwalimu aseme mwenyewe kwamba kijiji kizima kilichagua watatu, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mtu aliyeaminiwa hivyo hawezi kuiba. Nataka hilo liandikwe."

Hakimu aliweka kalamu, akamwangalia Dorkas muda mrefu. "Shahidi, jibu. Na unakumbuka umeapa."

Sauti ya basi la Arusha likipita barabara kuu ilisikika mwanzo hadi mwisho. Dorkas aliona benchi za nyuma. Aliona mikono ya Aminieli imeshikana juu ya bakora. Aliona Careen, ambaye alikuwa amekatazwa kushuka na ameshuka, tumbo limesukuma vifungo vya gauni. Neno lilikuwapo mdomoni, tena lilikuwa fupi: wote. Tuliijua wote. Niliisoma mimi. Kama angekuwa amechukiwa na Sefu, kama Sefu angemwangalia kwa hasira au kumwita mwongo, labda angelitoa. Lakini Sefu alikuwa anamtikisia kichwa taratibu, anamtia moyo, kama yeye Dorkas alivyozoea kuwafanyia watoto wanaojua jibu na wanaona haya kulisema.

"Watatu," Dorkas alisema.

"Ahsante, Mwalimu," alisema Sefu, akakaa.

Hukumu ilisomwa siku hiyohiyo baada ya chakula cha mchana. Hakimu alisoma akiwa ameinamisha uso. Alisema hakuna aliyemwona mshtakiwa akiiba, ila namba ilijulikana na watatu, na kwamba hilo limethibitishwa kwa kiapo, tena kwa swali la mshtakiwa mwenyewe. Miaka minne. Mwanaidi hakupiga kelele. Alikaa palepale sakafuni, na wanawake wa Mzighe wakamzunguka kumfariji, kwa huruma ya kweli kabisa. Hilo ndilo lililomshinda Dorkas, kwamba huruma yao ilikuwa ya kweli.

Nje, Aminieli alimsogelea. Alitaka kusema kitu kuhusu kampuni na barua, akamwona uso, akakiacha. Vijana walikuwa wameshaanza kuulizana gari jipya litakuwa la rangi gani.

Askari wakamtoa Sefu kwa mlango wa pembeni kumpeleka kwenye karandinga la magereza. Njia ilipita mbele ya Dorkas, na Sefu aliomba asimame kidogo. Askari alimruhusu, hata yeye alimwona ni mtu wa kumruhusu.

"Shikamoo, Mwalimu. Leo hatukuwahi hata kusalimiana."

"Marahaba."

"Nashukuru sana. Kufungwa ni mipango ya Mungu, lakini angalau wamesikia kwa kinywa chako kwamba sikuitoa. Wengine wasingethubutu kunisemea." Aliangalia upande wa Careen. "Na yeye asikae juani. Siku zake zikikaribia mshusheni mapema, msingojee uchungu."

Dorkas alimshika mkono, ule uliofungwa pingu pamoja na mkono wa pili. Watu wa Mzighe walikuwa wamewazunguka, wapatao hamsini, na hatimaye, wakati haikuweza tena kumsaidia mtu yeyote, sauti yake ikatoka.

"Sefu, sikiliza. Ile namba. Ile namba sisi..."

Sefu alitazama umati ule haraka, akamwinamia Mwalimu karibu na sikio.

"Usiitaje hapa, Mwalimu," alinong'ona. "Watu wanasikia."